Huyu Siye Allnutt

Huku kwetu Misisi watu hawana desturi ya kugombana kwa ajili ya sinema. Ugomvi wetu una mambo yake: shimo hili ni la nani, mzani wa mnunuzi wa dhahabu una haki au una hila, mbuzi wa jirani ameingia katika shamba la nani. Kwa hiyo tulistaajabu Jumapili moja alasiri, tulipokuwa tumeketi pamoja na wanafunzi katika darasa kutazama picha ya zamani, kumwona Mwalimu mmoja wa makamo, ambaye hatujapata kumsikia akigomba hata na mtoto mtundu, akisimama mbele ya shuka nyeupe na kupaza sauti: «Huyu siye! Huyu siye Allnutt!» Kivuli chake kikaufunika uso wa mwigizaji. Wanafunzi wakaangua kicheko. Naye akaitwaa kofia yake, akatoka nje, wala hakurudi.

Picha yenyewe ni ile iitwayo The African Queen. Mwaka 1935 mwandishi Mwingereza C. S. Forester alitoa kitabu chenye jina hilo, na mwaka 1951 Bwana John Huston, mtengeneza sinema wa Kimarekani, alikuja Kongo na Uganda pamoja na waigizaji wake ili kukigeuza kitabu kuwa picha. Hapa Kongo walipiga kambi kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu. Kisha wakahamia Butiaba na maporomoko ya Murchison katika Uganda. Wengi wao waliugua tumbo vibaya sana. Husemwa kwamba Huston na mwigizaji mkuu, Humphrey Bogart, hawakuugua, kwa kuwa hawakugusa maji bali wiski tu. Jambo hilo hatuwaambii vijana wetu waliige.

Hadithi yaanza mwaka 1914, vita ilipofika katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Bibi Rose Sayer, dada wa mmisionari Mprotestanti, anafiwa na kaka yake baada ya askari kuwachukua wanakijiji wote. Anakuja fundi wa mtambo, Charlie Allnutt, na mashua yake mbovu ya moshi, anamchukua. Mama huyu, ambaye hajapata kutenda neno lolote kwa shauri lake mwenyewe, anamshawishi fundi washuke mto wenye maporomoko mpaka ziwani, wakaizamishe meli ya vita ya Wajerumani. Katika kitabu ziwa limepewa jina la kubuni, Wittelsbach, na mto waitwa Ulanga, ijapokuwa Ulanga wa kweli uko mbali sana nasi na maji yake yaenda Rufiji. Lakini hakuna mzaliwa wa Baraka au wa Mboko atakayelikosea ziwa lile.

Sasa tuje kwa huyu Allnutt. Katika kitabu yeye ni mtu wa London, wa mitaa ya maskini, ambaye akifungua kinywa tu kila Mwingereza mwenye elimu ajua mara moja kuwa hakusoma sana na kwamba kwao hakuna kitu. Katika picha amekuwa Mkanada. Husemwa sababu yake ni nyepesi kabisa: Bogart, mzaliwa wa New York, hakuweza kusema kwa lafudhi ya watu wale wa London, na badala ya kumtafuta mwigizaji mwingine, wakambadilishia Allnutt nchi yake. Bogart akapata tuzo ya Oscar mwaka 1952, na dunia ikapiga makofi. Hatujasikia kwamba mtu yeyote alilalamika wakati ule. Yamkini mlalamikaji wa kwanza alitokea Misisi, miaka sabini na zaidi baadaye, katika darasa lenye madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili kukinga jua.

Kesho yake jioni tulikwenda kumtazama. Tulidhani labda ni mgonjwa, au ana deni. Mkewe alitupa kiti, akatuletea maji, akasema kwa sauti ya chini: «Tangu jana hajala vizuri. Mwulizeni ninyi, mimi nimeshindwa.» Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi barazani, aibu imemshika.

«Ndugu yangu,» alituambia, «nimejidhalilisha mbele ya watoto. Lakini mtu yule mimi namfahamu.»

Ndipo akatueleza. Mwaka 1996, vita ilipoingia Fizi, alikuwa kijana. Alivuka ziwa usiku pamoja na mama yake na wadogo zake wawili, wakafika Kigoma, wakapelekwa katika kambi ya wakimbizi pamoja na maelfu ya watu wetu. Kambini palikuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza, sadaka ya watu wa mbali. Yeye alikuwa na Kifaransa cha shule tu. Akachukua kitabu kimoja kwa sababu ya neno Afrika lililokuwa juu ya jalada, akaanza kukisoma na kamusi iliyochanika, ukurasa mmoja kwa siku tatu.

«Nilipofika mahali pasemapo kwamba mtu yule ni fundi katika kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba dhahabu, nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu ni mtu wa kwetu! Na tena nikaona kwamba anaposema, maneno yake yameandikwa nusunusu, herufi zimeanguka. Nikadhani kitabu kimeharibika. Mtanzania mmoja aliyekuwa akitufundisha akanieleza: la, ndivyo wasemavyo maskini wa London, na wakubwa huwacheka. Basi nikampenda. Maana na sisi pale kambini tulichekwa. Tulikuwa tukinena Kiswahili chetu cha Fizi, nao wenyeji wakishika mbavu. Nikaenda sokoni mara moja, nikataja bei ya mihogo, mwanamke akawaita wenzake waje kunisikia.»

Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: «Huyo mama wa misioni, Rose, ni Mwingereza mwenye heshima. Nyumbani kwao Uingereza asingekaa meza moja na Allnutt. Ndani ya mashua wanakaa. Wanakunywa chai ya kikombe kimoja. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kwangu kuliko meli na mabomu. Sasa wamemfanya Mkanada. Mkanada kwa Rose ni mgeni tu, si mtu wa chini. Wameliondoa lile jiwe lililokuwa kati yao, halafu wanatuonyesha kwamba wameruka juu yake.»

Tulikaa kimya. Kusema kweli sisi tuliitazama picha ile kwa furaha, na jambo la Kanada halikutupita wala halikutugusa. (Kanada twaijua huku kwa njia nyingine, maana kampuni ya dhahabu ya nchi ile ilichimba Twangiza na Namoya.) Lakini maneno yale ya jiwe tulirudi nayo nyumbani.

Nyumbani tukawakuta vijana wakibishana juu ya jambo hilohilo, maana habari za Mwalimu zilikuwa zimeenea. Binti yetu, mwanafunzi wa sekondari, akasema kwamba Mwalimu si wa kwanza. Duniani watu hupigana vita vya maneno kwa mambo kama haya. Akatukumbusha habari za nguva. Mwaka 2019 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba nguva Ariel, ambaye katika picha yao ya kuchora ya mwaka 1989 alikuwa msichana mweupe mwenye nywele nyekundu, sasa ataigizwa na Halle Bailey, msichana Mmarekani mweusi. Watu kwa maelfu wakaandika kwa hasira kwamba huyo si Ariel wao. Kionjo cha picha kilipotolewa Septemba 2022, waliobonyeza alama ya kukichukia walipita milioni moja. Picha ikatoka Mei 2023, na watoto weusi mahali pengi wakaonekana wakifurahi kupita kiasi walipomwona nguva mwenye ngozi kama yao.

«Je, Baba,» akauliza binti yetu, «Mwalimu ana haki na wale wengine hawana? Wote walisema neno moja: huyu siye.»

Swali hilo lilitukosesha usingizi kidogo. Jibu la haraka lingekuwa kusema kwamba wale walikuwa na ubaguzi tu, na hapana shaka wengi wao walikuwa nao, maana matusi yao yalikuwa wazi. Lakini tuseme kulikuwa na mmoja kati yao asiye na chuki, aliyempenda tu msichana wa nywele nyekundu tangu utoto. Tungemjibu nini? Tungemwuliza: rangi ya nguva yule inafanya kazi gani katika hadithi? Yeye ni kiumbe wa baharini anayetamani nchi kavu. Hilo ndilo jiwe lake: maji na nchi kavu, mkia na miguu. Ngozi iwe vyovyote, jiwe liko palepale. Na kama twataka kutetea asili, basi asili ya hadithi ile ni ya Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka 1837, ambamo nguva hapati mume bali anageuka povu la bahari. Disney ilipoubadili mwisho huo mwaka 1989 ikamwoza, wapenzi wa picha ile waliupokea kwa mikono miwili.

Tena sisi Wakongo tunyamaze kidogo kabla ya kuwacheka wengine. Nani kati ya wazee hamkumbuki mamba muntu? Katika miaka ya 1970, kule Lubumbashi na miji mingine ya Katanga, wachoraji walimchora kila siku, na picha yake ilining'inia katika vyumba vingi vya wageni: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, na ngozi nyeupe. Jina lake ni la kwetu, maji yake ni ya kwetu, ngozi ni ya Ulaya. Hatujasikia kwamba mnunuzi alimrudishia fundi picha yake akisema, huyu siye.

Mwana wa jirani yetu akaleta habari ya tatu, ya malkia Kleopatra wa Misri. Hiyo twaona ni kesi nyingine kabisa. Mwaka 2023 Netflix ilitoa picha ya mfululizo iliyojiita ya historia, ambamo Kleopatra aliigizwa na Adele James, Mwingereza mwenye asili ya mchanganyiko. Wamisri wengi wakakasirika, na serikali yao ikatoa tangazo kwamba malkia yule alikuwa na ngozi nyeupe na sura ya Kiyunani. Ukoo wake, Waptolemayo, ni kweli ulitoka Makedonia. Walakini Kleopatra si nguva. Alizaliwa, akatawala, akafa mwaka 30 kabla ya Kristu. Mtu aliyeishi hatuwezi kumpa asili kama tunavyompa mtoto wa hadithi kanzu mpya; lazima kutafuta ushahidi na kukubali unapoishia. Hasira ya Wamisri ilikuwa na haki ndani yake. Ilikuwa pia na sauti za watu walioona ni aibu kuhesabiwa pamoja na Waafrika weusi, na sauti hizo tulizisikia vizuri mpaka huku.

Huenda msomaji akasema: mnapoteza wakati, sinema ni mchezo. Kwingine labda. Huku Fizi swali la asili si mchezo. Misisi ni mji wa machimbo. Mubembe, Mubuyu, Mushi, Mufuliru na wengine kutoka mbali wanashuka katika shimo moja na kuchota maji kisima kimoja. Siku za amani swali «kwenu ni wapi?» ni mlango wa mazungumzo. Lakini tumeona siku ambazo swali hilohilo huulizwa kwenye kizuizi cha barabara na mtu mwenye bunduki, na jibu likawa ni uhai au mauti. Tuna majirani waliojifunza kubadili lafudhi yao kati ya kijiji na kijiji. Mtu aliyepata kuificha asili yake ili afike nyumbani, haoni ni jambo dogo mtu mwingine anapobadilishiwa yake kwa sababu mwigizaji hakuiweza lafudhi.

Siku chache baadaye tulirudi kwa Mwalimu, na safari hii tulimkuta pamoja na mzee wetu mmoja, katekista wa zamani, ambaye alikuwa ameisikia kesi yote kwa subira. Mzee akauliza neno moja tu: «Na wapagazi, wamo katika picha hiyo?»

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba babu yake alichukuliwa na Wabelgiji katika vita ile kubeba mizigo kuelekea Tabora, mji ambao majeshi ya Wabelgiji waliuteka Septemba 1916, na hakurudi. Basi tukaanza kuikumbuka historia ya kweli ambayo juu yake Bwana Forester alijenga hadithi yake. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Afrika ya Kusini kwa meli, kisha kwa reli mpaka Fungurume, kisha zikakokotwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba kwa mitambo ya moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu. Walikata miti, walijenga madaraja mengi, na pale ambapo hapakuwa na maji, wanawake waliyabeba kwa vichwa ili mitambo inyweshwe. Mashua zikafika Lukuga, mahali palipo Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Katika vita ile yote Kongo ya Wabelgiji ilitumia wapagazi wapatao 260,000.

Katika kitabu, wanakijiji wa Kiafrika huchukuliwa na Wajerumani katika kurasa za mwanzo, na ndio mwisho wao. Katika picha vilevile: kijiji kinachomwa moto, watu wanapelekwa, kisha mto unabaki na Wazungu wawili. Allnutt alibadilishiwa nchi, na mtu mmoja Misisi alilia. Wale waliozikokota mashua hawakubadilishiwa chochote, hawamo.

«Basi mimi nimekasirikia kisichostahili,» akasema Mwalimu.

«La,» akajibu mzee. «Umemkasirikia mtu wako. Mimi nakasirikia wangu. Hasira si chumvi ya kugawana.»

Hapo Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza, akaingia ndani, akatoka na daftari. Alikuwa ameandika ndani yake habari za meli kubwa, ile ambayo ndiyo mfano wa meli ya Wajerumani katika kitabu. Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika masanduku 5,000 mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi wasiiache kwa adui, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo mafuta mazito, kana kwamba walijua itaamka. Iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi chini ya Waingereza kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa.

«Mwaka 1997,» akasema Mwalimu, «Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa muda wa miezi mitano, ikawarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000. Mmoja wao ni mimi. Kitabu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikaa juu ya sitaha, mama amelala magotini pangu, nami nasoma kwa mara ya nne jinsi Allnutt alivyotaka kuizamisha meli hii, wala sikujua. Nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye.»

Tulimwuliza kama alipojua aliichukia ile meli, au kitabu. Akatazama daftari muda mrefu.

«Nilishukuru kwamba hakufanikiwa,» akasema.

Na ni kweli, katika kitabu hakufanikiwa; mashua yake ilizama katika dhoruba, na meli ikashindwa na mashua za Waingereza. Ni katika sinema tu ambamo Allnutt anashinda. Mwalimu alikuwa ametoka nje kabla ya kufika hapo.

Picha ilionyeshwa tena Jumapili ya tatu, na safari hii Mwalimu alikubali kusimama kando ya shuka na kuwatafsiria watu kwa Kiswahili, kama walivyofanya mafundi wa kusimulia filamu kule Dar es Salaam, akina Lufufu, au wafanyavyo wenzao wa Kampala. Sauti ya mtambo ilipunguzwa. Rose akanena Kiswahili safi cha vitabuni, cha kimisioni hasa, bila kosa. Allnutt akanena Kiswahili cha machimbo: maneno yamekatwa, Kifaransa kimeingia bila kubisha hodi, matusi madogo yamemezwa njiani kwa ajili ya watoto. Kijiji kilipochomwa moto na watu kupelekwa, Mwalimu aliacha kutafsiri, akamwita mzee katekista, naye mzee akasimama mbele ya shuka, moto ukimulika juu ya shati lake, akataja jina la babu yake na mahali alipochukuliwa. Kisha akaketi, na picha ikaendelea.

Mama mmoja muuza samaki, aliyeketi nyuma yetu na mtoto mgongoni, akatuinamia sikioni.

«Huyo fundi wa mashua ni mtu wa wapi?»

«Wa London, Mama,» tukamjibu.

«Aa, Baba, msinidanganye,» akasema. «Huyo namsikia. Huyo ni wa Kimbi.»